Wachapaji wanaotuuzia herufi koza za mlazo za kughushi

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, kwa sababu kamusi ndogo ya istilahi za uvuvi ambayo kikundi chetu kiliihangaikia kwa muda mrefu imeharibiwa na mchapaji aliyekwisha kulipwa fedha zake zote. Maelekezo yetu yalikuwa wazi: vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa, viwe kwa herufi koza (nene), mifano ya sentensi kwa mlazo wa kawaida (herufi zilizoinama), na misemo iliyo chini ya kila kidahizo kwa herufi koza za mlazo za fonti (mtindo wa herufi) ya Times New Roman, ili msomaji anayepitisha jicho haraka aione bila kuichanganya na kidahizo wala na mfano. Katika ukurasa uliosongamana, herufi hizi hazina mbadala.

Tulichopewa si herufi hizo. Fonti kamili huja na mafaili manne, yaani wima, mlazo, koza na koza ya mlazo. Pale la nne linapokosekana, programu huchukua koza ya wima na kuiinamisha tu. Anayebisha aitazame herufi a. Katika wima, a ina kichwa kilichopinda juu ya tumbo, na katika mlazo halisi kichwa hicho hakipo. F nayo hushusha mkia chini ya mstari. Katika kamusi yetu a ina kichwa chake kilekile na f imekatikia mstarini, huku vijimkia vya kwenye ncha vikiwa vimepinda vibaya.

Mchapaji alipoulizwa alijibu kwamba ni herufi zilezile, ila zimelala. Si kweli hata kidogo! Mlazo aliouchonga Francesco Griffo kwa ajili ya Aldus Manutius, mchapaji wa Venice, ambao mwaka 1501 ulichapa kitabu kizima cha Virgil, mshairi wa Kirumi, ulifuata mwandiko wa mkono wa wasomi wa Italia, na herufi kubwa zake zilibaki wima. Herufi koza zilishamiri baadaye sana, katika matangazo ya karne ya 19. Anayeziunganisha hizo mbili hulazimika kuchora kila herufi upya, akipima unene wa mistari ili matundu ya e na a yasizibe wino katika maandishi madogo.

Kama hilo halikutosha, aliichapa dibaji yote kwa herufi hizohizo za kughushi, eti ipendeze. Kurasa nzima za koza ya mlazo huchosha macho, na neno lililostahili mkazo halionekani tena.

Tunachodai ni kwamba atafute faili halisi, alipachike ndani ya PDF, airudishe dibaji kwenye wima ya kawaida, kisha achape upya kwa gharama yake. Nakala hizi hatuzipokei. Anayemfahamu mchapaji wa Tanga anayekagua fonti kabla ya kutengeneza pleti (mabamba ya kuchapia), tafadhali aniandikie hapa.