Naomba ushauri: kutoa kana (mpini wa kugeuzia usukani) na kuweka usukani wa gurudumu kwenye mashua ya futi 22

Habari zenu wakuu. Mashua yangu ina tanga moja, na usukani, yaani ule ubao wa majini unaogeuza chombo, umening'inia nje ya tezi (sehemu ya nyuma). Naiongoza kwa kana ya mbao, ndefu kama mkono na nusu. Upepo wa kusi ukikaza, chombo kinang'ang'ania kugeukia joshini (upande upepo unakotoka) na bega linakufa ganzi. Isitoshe, kana inafagia nafasi yote ya nyuma. Abiria wanne wakikaa, mmoja lazima apigwe mbavu.

Nawaza kuweka gurudumu kama kwenye majahazi makubwa: ekseli yenye pipa dogo, waya wa chuma cha pua upite kwenye kapi nne, ncha zake zifungwe pande mbili za kana iliyofupishwa.

Fundi wangu anacheka. Anasema sitayasikia tena maji mkononi, na kwamba dawa ni kuinamisha mlingoti mbele kidogo. Huenda ana haki, maana hata nikipunguza tanga kana inalainika. Lakini mbavu za abiria je?

Waliowahi kufanya hivi: waya unalegea baada ya muda gani? Kapi za plastiki zinahimili chumvi, au nitafute za shaba? Na kebo ya usukani wa boti za injini inafaa, au itakuwa nzito mno kwenye tanga? Kichwa cha usukani nitakiacha wazi, waya ukikatika nichomeke kana ya akiba. Kipenyo cha gurudumu ndicho kinanichanganya zaidi.