Anayemtunza mzazi au ndugu mwenye ulemavu nyumbani alipwe?

Wakuu, kila suala hili likiguswa nasikia jibu lilelile: kumtunza mzee wako ni wajibu wa damu, na kulipia wajibu huo ni kuuza upendo. Napinga. Anayeamka usiku kumgeuza mtu kitandani ili asipate vidonda, anayemwogesha na kumlisha, mara nyingi ameshaacha kazi. Upendo anao, asichonacho ni kipato, na kesho atazeeka yeye bila akiba. Na aghalabu huyo ni binti au mke wa mtoto wa kiume. Tuliseme wazi.

Ujerumani ilianzisha bima ya matunzo mwaka 1995. Mhitaji huchagua: aletewe wahudumu, au apokee fedha atunzwe na jamaa, au achanganye. Fedha hizo ni pungufu ya thamani ya huduma, ila bima humchangia jamaa huyo pensheni pia. Japani, ilipoanza yake mwaka 2000, ikakataa fedha taslimu na kutoa huduma tu. Hapo ndipo penye hoja pinzani inayonitikisa: watetezi wa wanawake walihofia kwamba fedha zingewafunga wake za watoto nyumbani kwa ujira kiduchu, huku serikali ikijitua mzigo.

Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini naona tunabishana juu ya mtunzaji na kumsahau anayetunzwa. Ed Roberts, Mmarekani aliyepoozwa na polio, na wenzake walianzisha kituo chao cha watu wenye ulemavu huko Berkeley, California, mwaka 1972 wakishikilia kwamba kujitegemea si kufanya kila kitu kwa mikono yako, ni kuamua nani akusaidie, lini na vipi. Sheria ya Sweden iliyoanza kutumika mwaka 1994 inampa mtu mwenye ulemavu mkubwa fedha za umma za kuajiri msaidizi wake mwenyewe. Nasimama hapo: fedha zipite mikononi mwa anayetunzwa. Baba asiyetaka kuogeshwa na bintiye aweze kukataa bila kulala mchafu.

Linaloniwia gumu ni la mzee aliyepoteza kumbukumbu. Yeye hawezi kumwajiri wala kumfukuza mtu, na jamaa anayeshika fedha zake ndiye huyohuyo anayelipwa. Nani amkague, na aingie nyumbani kwa ruhusa ya nani?