Mjadala: Unga wa spirulina uandikwe "mwani" au "bakteria"?

Mwalimu wa Usa River (mleta mada)

Habari za jioni wadau. Nafundisha baiolojia huku Usa River, na wiki iliyopita mtoto wa kidato cha kwanza alinibana mbele ya darasa zima. Alikuja na kopo la unga wa spirulina alilopewa na bibi yake "kuongeza damu". Kopo limeandikwa kwa herufi kubwa MWANI ASILIA. Akafungua daftari lake kwenye nukuu zangu mwenyewe, akasoma: spirulina ni sianobakteria, yaani bakteria wanaojipikia chakula kwa jua, himaya ya Monera, ile ya bakteria. Kisha akauliza, "Mwalimu, muongo ni nani, wewe au kopo?"

Nikamwambia tusigombane, tuulize unga. Kijiko kimoja ndani ya bilauri ya maji safi, tukaiacha dirishani mpaka baada ya chakula cha mchana. Tuliporudi, ukijani umezama chini kama tope, na maji ya juu yamekuwa ya buluu. Si kijani iliyofifia, ni buluu ya wino. Darasa likapiga kelele. Rangi hiyo ni faikosianini, nayo huyeyuka kwenye maji. Klorofili, ile rangi ya kijani, haiyeyuki, ndiyo maana ukijani ulibaki chini. Kisha tukaweka tone kwenye hadubini moja tuliyo nayo. Tuliona vipande vya springi, mithili ya springi ya kalamu ya kubonyeza iliyokatikakatika. Kiini hakuna. Kloroplasti hakuna.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kopo liandikwe bakteria. Ukuta wa seli zake una dutu iitwayo peptidoglikani kama bakteria wengine. Mtaalamu wa bakteria Roger Stanier na wenzake walipendekeza tangu 1978 kwamba viumbe hawa wapewe majina kwa kanuni za bakteria, si za mimea. Sisi tunamwambia mama sokoni ni mwani, halafu mwanawe akiandika hivyohivyo kwenye mtihani tunamkata alama. Anayepinga aje.

Mama Wawili, Kilombero

Mwalimu shikamoo. Napinga. Mimi nauza unga wa lishe hapa soko la Kilombero, Arusha, na makopo ya aina hiyo ninayo, huenda hata bibi wa huyo mtoto ni mteja wangu. Ukiniandikia bakteria siuzi hata kijiko. Mteja akisikia bakteria anawaza kuharisha, anawaza UTI, anawaza dozi ya siku saba. Wewe unafundisha, hujawahi kusimama nyuma ya meza ukamwambia mtu "nunua bakteria, robo kilo".

Chalii wa Sakina

Mama, na mtindi je? Ule umejaa bakteria na foleni yake asubuhi unaijua.

Mama Wawili, Kilombero

Mwanangu, mtindi umeandikwa mtindi. Hakuna paketi iliyoandikwa BAKTERIA WA MAZIWA. Umenisaidia mwenyewe.

Mpemba wa Ngarenaro

Hapo mama kapiga bao. Lakini na mimi nina langu, maana nyie wa bara mmelichukua neno letu mkalipeleka mnakotaka. Mwani kwetu ni kitu unachokishika. Kina mama wanashuka pwani maji yakitoka, wanafunga kwenye kamba, wanavuna, wanaanika, unauzwa nje. Huo ni mwani mwekundu, una kiini, una kila kitu chake. Huyo wenu wa springi humuoni bila kioo. Aliyemwita "mwani wa kijani-buluu" alitafsiri kitabu tu, hakuwahi kukanyaga pwani ya Paje, Zanzibar. Sisemi muandike bakteria. Nasema mwani si jina lake, mrudishieni mwenyewe.

Mwalimu wa Usa River

Mpemba umenichekesha, ila kuna jambo. Huo mwani wenu wenye kila kitu chake, sehemu inayopika chakula kwa jua, yaani kloroplasti, asili yake ni sianobakteria aliyemezwa na seli nyingine zamani mno na hakusagwa. Akakaa, akazaa humo humo. Kwa hiyo mwani wa Paje ni nyumba, na huyu wa kwenye kopo ni ndugu wa mpangaji. Kumwita mpangaji "nyumba" ndiyo kosa lenyewe.

Fundi Maabara, Moshi

Nimesoma kimya nikashindwa. Mwalimu, uko sahihi nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari.

Kwanza majina. Mwaka 2021 ngazi ya faila, ile iliyo chini ya himaya, iliingizwa rasmi kwenye kanuni za majina ya bakteria, na majina yake yote yanaishia na -ota. Firmicutes tuliowazoea wakawa Bacillota, Proteobacteria wakawa Pseudomonadota. Sisi wa maabara tulinung'unika sana. Sianobakteria nao wakapata lao 2022: Cyanobacteriota. Lakini hawa wana kisa chao peke yao, kwa sababu wana sheria mbili. Wataalamu wa mimea waliwapa majina kwa kanuni za mimea tangu zamani, wataalamu wa bakteria wakaja na zao, na mpaka leo kuna spishi zinazotangazwa kwa kanuni hizi na nyingine kwa zile. Ni kama shamba lenye hati mbili.

Sasa ingia ndani ya faila uone limebeba nani. Kuna Prochlorococcus wa baharini, upana wake kama mikromita 0.6 tu, wapange foleni zaidi ya 1,600 ndipo upate milimita moja. Sayansi ilimjua miaka ya 1980, na kumbe katika viumbe wote wanaojipikia kwa jua hakuna aliye wengi kama yeye. Kuna Gloeobacter, ambaye hana hata vile vitando vya ndani ambavyo wenzake hunasia mwanga, kazi yote anaifanyia kwenye utando wa seli. Kuna Nostoc, ule utelezi wa kijani unaouona chini baada ya mvua: umuweke kwenye hadubini ni mkufu wa shanga, na kila baada ya shanga kadhaa kuna moja nene, imeacha kazi ya jua, kazi yake ni kugeuza nitrojeni ya hewani iwe mbolea. Wakulima wa mpunga hapo Mabogini wanamkanyaga ndugu wa huyo kila msimu bila kumsalimia.

Na kuna wanaonifurahisha mimi zaidi: ndugu wa faila hili wasio na klorofili kabisa. Vinasaba vyao vilikutwa kwenye utumbo wa binadamu na kwenye maji ya ardhini, taarifa zikatoka 2013. Wapo wanaowaweka ndani ya faila kama ngeli yao, Vampirovibrionia. Wapo wanaosema watolewe, wawe faila lao. Ugomvi haujaisha. Mwalimu, ubaoni kwako wamo wa "kijani-buluu" wasio wa kijani wala wa buluu, wanaoishi gizani tumboni mwa watu.

Halafu yumo Microcystis, mtengenezaji wa sumu ya ini. Huyo ni faila moja na unga wa mama.

Sasa niambie. Ukiandika "bakteria" kwenye kopo umemwambia mnunuzi nini? Ukiandika "mwani" umemwambia nini? Yote mawili ni mapana kama kuandika "mnyama" kwenye bucha.

Chalii wa Sakina

"Mnyama kwenye bucha" 😂😂 Fundi heshima yako.

Ila mimi naona haya majina ni kama ruti za vifodi, ukizizoea tu zimebadilishwa. Juzi Monera, jana sianobakteria, leo -ota. Kesho mtasema nini? Mama auze.

Fundi Maabara, Moshi

Yanabadilika kwa sababu tunawasoma vinasaba badala ya kuwatazama sura. Mfano ni huohuo unga. Jina Spirulina lilitolewa na mtaalamu Turpin 1829, kwa sababu ya umbo la msokoto. Stizenberger akaleta Arthrospira 1852. Geitler akawaunganisha wote wakawa Spirulina 1932, ndipo wafanyabiashara wakalishika hilo. Baadaye ikabainika ni koo mbili zilizo mbali, sura tu zimefanana. Na 2019 hawa wa kuliwa wakahamishiwa jenasi (kundi la spishi ndugu) mpya, Limnospira. Spirulina wa kweli yupo, anaishi zake, ila si yeye aliye kwenye kopo. Kwa hiyo kopo la bibi limekosea mara mbili: si mwani, na si Spirulina.

Muongoza Watalii, Ngongongare

Naona mnaongea habari za unga, na mimi huyo mdudu namuona akiwa hai kila wiki. Nenda Ziwa Momella Kubwa, ndani ya Hifadhi ya Arusha, asubuhi kabla ya upepo. Maji ni kijani nzito kama mlenda. Flamingo, au heroe kwa Kiswahili cha vitabuni, anatembea kichwa chini, mdomo umepinduliwa, anachuja. Anachochuja ni huyo Limnospira wenu, na ile rangi ya waridi inatoka kwenye chakula hicho. Tembea kidogo ufike Momella Ndogo au Rishateni, maji rangi nyingine, na ndege huwakuti kwa wingi ule. Maziwa yamepakana, kila moja na wenyeji wake.

Nilichotaka kusema ni cha 2004. Mwezi wa saba na wa nane mwaka ule flamingo walikufa kwa wingi Ziwa Manyara, na Momella Kubwa pia. Mimi nilikuwa bado shule, kaka yangu ndiye aliyekuwa kazini; anasema harufu ilikuwa inakupokea kabla hujaliona ziwa. Watafiti waliofuatilia walizitaja sumu za sianobakteria kuwa chanzo kinachowezekana. Yaani ndege aliyeumbwa kula kitu hicho anaweza kukila kikamuua, maji ni yaleyale.

Kwa hiyo wageni wakiniuliza kama wanaweza kuchota wakaanike, nawajibu hapana mara tatu. Hii ni hifadhi. Hujui umechota nani. Na maji yale yana madini ya floridi ya kutisha, yanayoharibu meno. Meno yetu sisi wa Maji ya Chai yanajieleza yenyewe.

Mzee wa Majengo, Moshi

Hamjambo wanangu. Mimi si msomi wa hayo. Nauliza tu: si mtu achemshe? Sisi maji yote tulichemsha.

Fundi Maabara, Moshi

Shikamoo mzee. Kuchemsha kunaua kiumbe lakini sumu ya Microcystis haivunjiki kwa moto wa jikoni. Tena seli zikipasuka ndipo inamwagika yote majini. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 1 kwa lita ya maji ya kunywa kwa aina inayojulikana zaidi ya sumu hiyo. Ni kidogo mno. Kule Caruaru, Brazili, mwaka 1996, maji yenye sumu hiyo yaliingia kwenye mashine za kusafishia damu za wagonjwa wa figo. Walikufa zaidi ya 50.

Simtishi mama. Limnospira anayekuzwa kwenye bwawa safi linalosimamiwa ni chakula. Watu wa Ziwa Chad wanakausha na kula tangu enzi, na protini yake inafika kama asilimia 60 ya uzito mkavu. Tatizo ni bwawa la wazi lisilopimwa, mgeni akaingia. Na lile la "kuongeza damu", mwalimu mwambie bibi: madini ya chuma yamo, lakini vitamini B12 iliyomo sehemu kubwa ni ile ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Mtoto akipungukiwa damu apimwe kwanza.

Mzee wa Majengo, Moshi

Marahaba. Basi mimi naendelea na mchicha.

Mwalimu wa Usa River

Nakubali kusahihishwa. Swali langu nililiuliza vibaya. Darasani sitetereki: ni bakteria, na kesho nawapa jina la Cyanobacteriota wakalalamike nyumbani. Ila kwenye kopo nimehama. Liandikwe jina la jenasi na spishi, bwawa lilikotoka, na kwamba shehena hiyo imepimwa sumu na lini. Neno mwani litoke, Mpemba apumzike. Neno bakteria nalo silidai tena, maana fundi amenionyesha halimlindi mtu.

Mpemba wa Ngarenaro

Nimepumzika.

Mama Wawili, Kilombero

Mimi bado sijapumzika. Kupima analipa nani? Mimi nanunua kwa mtu anayenunua kwa mtu. Mnaandika "shehena imepimwa" kama vile kuna dirisha hapa Kilombero la kupimia.

Fundi Maabara, Moshi

Anayezalisha ndiye alipe, mama, si wewe. Wewe dai karatasi ya kipimo kabla hujatoa hela. Akikosa, tafuta mwingine.

Mama Wawili, Kilombero

Nimempigia sasa hivi. Nimemuuliza, "Hiki kitu chako kimekuzwa wapi?" Akasema ziwani. Nikasema ziwa gani? Akasema mama, ziwa ni ziwa. Nikamuuliza karatasi, simu ikakatika, na sijui ni mtandao au ni yeye.

Makopo kumi na mawili yaliyobaki nimeyashusha chini ya meza. Siyatupi, hela yangu imo. Ila mwalimu, yule bibi akija ana kofia ya kufuma ya zambarau? Kama ni yeye, alichukua mawili.

Mwalimu wa Usa River

Sijui kofia yake mama. Nitamuuliza mtoto kesho kipindi cha kwanza.