Rubriki ya insha: vigezo tisa ni vingi?

Mhadhiri, Gulu: Wenzangu, idara yetu imetuagiza tusahihishe insha za mwaka wa kwanza kwa rubriki, yaani jedwali la vigezo na maelezo ya kila kiwango cha alama, badala ya alama moja ya jumla. Niliyoiandaa ina vigezo tisa, na bado mimi na msahihishaji mwenzangu tunatofautiana sana. Kasoro ni ya rubriki au ni yetu?

Mwalimu, Mbarara: Ni vingi mno, ndugu. Rejea matokeo ya ujifunzaji yaliyomo kwenye silabasi: ikiwa yanataka mwanafunzi ajenge hoja na kuitetea kwa ushahidi, mwandiko na jalada haviwezi kupewa uzito sawa na hoja. Aidha, ondoa maelezo kama “nzuri” na “nzuri sana”, kwa kuwa kila msahihishaji huyapima kwa jicho lake. Andika kinachoonekana, kwa mfano “kila aya ina dai moja linaloungwa mkono na mfano uliotajwa chanzo chake”.

Mkufunzi, Kampala: Naafiki. Kabla ya kugawana karatasi, sahihisheni chache zilezile kila mtu peke yake, kisha mjadiliane pale mlipoachana. Pia hifadhini alama za kila kigezo, kwa maana jumla huficha mengi: darasa zima laweza kufaulu huku ushahidi ukiwa dhaifu kwa karibu kila mmoja. Wanafunzi nao wapewe rubriki pamoja na swali. Waliopitia mtaala wa sekondari ya chini ulioanza hapa Uganda mwaka 2020, unaopima umahiri, hawataishangaa.

Mhadhiri, Gulu: Asanteni. Nitabakiza vinne, ingawa kuhusu sarufi bado nasitasita.