Mjadala: Je, kampuni zinazomiliki majukwaa ziendelee kuwafundisha waandishi wa habari stadi za kidijitali?

Mtoa mada

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili jambo ambalo hupita kimyakimya kila mwaliko wa warsha unapobandikwa katika chumba cha habari: ni nani anayepaswa kumfundisha mwandishi kazi ya mtandaoni, na amfundishe nini? Sehemu kubwa ya mafunzo haya imegharamiwa na kampuni zilezile zinazomiliki majukwaa ambamo habari zetu husambaa. Facebook ilianzisha mradi wake wa uandishi wa habari mwaka 2017, na Google ikazindua mpango wake mwaka uliofuata. Hatukutozwa ada, wakufunzi walikuwa mahiri, na vyeti tulipewa. Hata hivyo, naamini tulilipa kwa njia nyingine, kwa sababu tulifundishwa zana za wenye majukwaa, na kazi yetu wenyewe ikawekwa kando.

Nianze na CrowdTangle. Facebook iliinunua mwaka 2016, ikaitoa bure kwa vyumba vya habari, na waandishi wengi wakafundishwa kufuatilia kwayo ni machapisho yapi yanayoenea na ni kurasa zipi zinazoyasambaza. Baadhi yao wakaanza kuitumia kuonyesha ni kurasa za namna gani zinazotamba ndani ya Facebook yenyewe, jambo ambalo halikuifurahisha kampuni. Mwezi Agosti 2024, miezi michache tu kabla ya uchaguzi mkuu wa Marekani, zana hiyo ilifungwa, na iliyowekwa mahali pake ikafunguliwa kwa watafiti wa vyuo vikuu na wa mashirika yasiyotafuta faida, huku vyumba vingi vya habari vya kibiashara vikiachwa nje. Fusion Tables ya Google, iliyotumiwa sana kufundishia ramani na takwimu, nayo ilizimwa Desemba 2019. Aliyefundishwa wapi pa kubonyeza alibaki mikono mitupu, ilhali aliyefundishwa jinsi jedwali la takwimu linavyopangwa, na kwa nini safu yenye makosa hupotosha jumla nzima, alihamia programu nyingine na kuendelea na kazi.

Funzo lililotugharimu zaidi lilihusu video. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa imetia chumvi wastani wa muda ambao watu hutazama video, kwa kuwa hesabu iliwaacha nje wote waliotazama kwa chini ya sekunde tatu. Wakati huo na baadaye, vyumba kadhaa vya habari vilipunguza waandishi ili kuajiri watengenezaji wa video, kwa imani kwamba huko ndiko wasomaji walikohamia. Mwandishi aliyefundishwa kuuliza kipimo kimepatikanaje, na nani aliachwa nje ya hesabu, angeshtuka mapema. Sioni kampuni ikiliandika somo hilo katika mtaala inaougharimia.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, hoja yako naiheshimu, lakini umeandika kama mtu ambaye chombo chake kina fungu la mafunzo. Mimi ni mhariri wa chombo kidogo, na kila mwandishi wangu anayeweza kuhakiki picha alijifunza katika warsha iliyolipiwa na mojawapo ya kampuni unazozilaumu. Ningezikataa, leo wangekuwa hawajui lolote.

Tena, mfano mzuri kuliko wako wote unakwenda kinyume nawe. Mwaka 2018 ilisambaa video ya wanaume wenye sare za jeshi wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili wadogo. Serikali ya Kamerun ilikanusha kwamba wauaji walikuwa wanajeshi wake. Kitengo cha uchunguzi cha BBC, Africa Eye, kililinganisha mstari wa vilele vya milima ulioonekana nyuma ya watu hao na umbo la ardhi katika Google Earth, kikapata eneo karibu na mji wa Zelevet kaskazini mwa nchi hiyo. Majengo yaliyoonekana na yasiyoonekana katika picha za setilaiti yakasaidia kubana mwaka, na urefu wa vivuli ukabana majuma. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanajeshi wanne kifungo cha miaka kumi. Je, ungependa wachunguzi wale wasiijue Google Earth kwa sababu tu mmiliki wake ni Google?

Mchangiaji wa pili

Naomba niongeze sauti ya anayefundishwa, maana hapa anazungumziwa tu. Nimehudhuria warsha nne. Katika zote nilifundishwa kuandika vichwa vya habari vinavyopendwa na injini za utafutaji, na katika tatu nilifundishwa kupanga saa ya kuchapisha. Hakuna hata moja iliyonifundisha kumlinda mtu anayenipa habari. Desemba 2012 jarida la Vice lilichapisha picha ya John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kukinga virusi vya kompyuta, aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize, na faili ya picha hiyo ilikuwa bado imebeba taarifa za mahali ilipopigwa. Wasomaji wakazifungua na kugundua kwamba yuko Guatemala. Kuziondoa taarifa hizo kabla ya kupakia picha ni kazi ya dakika moja. Kama picha ingekuwa ya mfanyakazi anayefichua wizi wa mwajiri wake, dakika hiyo ndiyo ingekuwa kazi yake, na pengine uhai wake.

Nimheshimu mhariri aliyetangulia, lakini niseme pia kwamba ujuzi mwingi unafia kwenye dawati. Unarudi kutoka warshani ukiwa umejifunza kuhakiki, kisha unadaiwa habari tatu kabla ya adhuhuri, na utendaji wako unapimwa kwa idadi ya waliobofya. Kuhakiki video moja kunaweza kula siku nzima, na siku hiyo ikiisha kwa jibu kwamba video ni ya zamani, huna habari ya kuchapisha. Anayestahili kuketi darasani kwanza ni yule anayegawa muda.

Mtoa mada

Mhariri, kuhusu Google Earth nakubali kwamba nilipitiliza. Hata hivyo, tazama ni nini hasa kilichofanya kazi. Programu haikuwaambia watu wale wautazame mstari wa vilele, wala haikuwaambia kwamba mtu anayetembea juani ni saa yenye mshale. Hiyo ni tabia ya kazi, na anayekuwa nayo ataitumia katika ramani yoyote atakayopewa. Nyaraka za Panama za mwaka 2016, zilizovuja kutoka kampuni ya uwakili ya huko, zilikuwa na faili milioni 11.5, na muungano wa kimataifa wa waandishi wachunguzi, ICIJ, ulizipekua kwa mitambo iliyojengwa juu ya programu huria, ambazo hakuna kampuni inayoweza kuamka asubuhi na kuzifunga.

Kwa hiyo narekebisha pendekezo langu. Kampuni zilipe, zikitaka, lakini fedha zipitie katika mfuko zisioushika wenyewe. Mtaala uandikwe na wanahabari, na ndani yake liwemo somo la kuichunguza kampuni iliyolipa: matangazo yake, algoriti zake na takwimu zake. Ikikataa somo hilo, tutakuwa tumejua fedha zilikuwa za nini.

Mchangiaji wa kwanza

Mfuko naukubali, na somo hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Kuhusu wahariri kuketi darasani, nimeguswa mahali panapouma, na sina utetezi.

Lakini mezani kwangu upo mwaliko wa mafunzo ya siku tatu juu ya akili mnemba, umetoka kwa kampuni inayoiuza, na mwisho wa kujibu ni Ijumaa. Mfuko wako bado haujazaliwa. Nitamtuma mwandishi mmoja, nami nitakwenda naye, na swali la kwanza nitakalouliza ni maandishi ya nani yaliyotumika kuufunza mtambo huo. Nikijibiwa, nitarudi hapa kuwaeleza.