Naomba ushauri: bustani juu ya mawe ya volkano, na mvua iko karibu

Jambo bandugu na bamama ba Goma, munisaidie. Parseli yetu iko juu ya mawe ya Nyiragongo ya 2002, unachimba sentimita 10 tu unagonga jiwe, na mvua ya mwezi wa tisa iko karibu kuanza. Nilinunua mifuko 6 ya udongo mweusi nikachanganya na mavi ya mbuzi lakini yangali mabichi, ukiweka mkono unasikia moto, naogopa yatachoma miche. Ningoje wiki ngapi? Nataka lengalenga (mchicha, watoto banaipenda sana), puaro (liki, ya jamii ya kitunguu) na karoti, ila karoti inataka udongo wa kina, itakubali ndani ya gunia kweli? Mwaka jana mvua ilibeba udongo wote, iliniuma sana. Wenye kuzungushia mawe, mulifanya aje?