Kaka kaumia kichwa, haanzi kitu mwenyewe, ni uvivu kweli?

Wa Ngamiani: Wadau wa Tanga naombeni msaada. Kaka yangu alianguka na bodaboda akagonga paji la uso, saivi anaongea fresh, majina anayakumbuka, hesabu za duka anapiga, ila hajianzishii kitu, uji unafurika mbele yake anauangalia tu, ukimwambia "epua" anaepua hapohapo. Majirani wanamwita mvivu, inaniuma sana.

Dada Nesi: Pole sana mdogo wangu. Hiyo haikai kama uvivu. Ubongo ulio nyuma ya paji la uso ndo unaopanga, unaanzisha, unashikilia lengo na kubadili njia ya kwanza ikigoma. Lugha na kumbukumbu za zamani zinategemea zaidi sehemu nyingine, ndo maana anazo. Ukisema "epua" wewe ndo umemwanzishia. Mrudisheni hospitali muwaeleze hivyohivyo, na akianza kutapika au kusinzia ovyo msisubiri kuche.

Babu Raskazone: Kuna jamaa aliitwa Phineas Gage, Marekani 1848, chuma kilimpita kichwani hapo mbele akapona, ila mipango yake ikawa haikamiliki. Baadae aliendesha magari ya farasi Chile miaka kadhaa, na wapo wanaoona ile ratiba ya kila siku ilimsaidia. Kwahiyo mbandikie ukutani kazi za asubuhi kwa mpangilio, weka alamu kwenye simu, agizo moja moja.

Wa Ngamiani: Shikamoo babu, asante dada. Karatasi nabandika leoleo, kesho tunaenda hospitali.